Gramu 44 Mgongoni mwa Punda

Februari 2024, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walipokutana Addis Ababa walikubaliana kusitisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Kenya ilikuwa imeshaonja balaa hilo. Machinjio manne yenye leseni yalikuwa yakimaliza punda upesi kuliko wanavyozaana, ngozi zikisafirishwa China kuchemshwa ziwe dawa, hadi serikali ilipoingilia kati mwaka 2020. Ngozi ya punda aliyekufa imeandikwa sana. Ngozi ya punda aliye hai, pale tandiko linapokaa, haijaandikwa vya kutosha, na ndani yake mna sayansi tamu kupita maelezo.

Ukikutana na punda kwenye njia za Kabianga, huko Kericho, akishuka na jerikani za maziwa au magunia ya mbolea, mtazame mgongo kabla ya mzigo. Punda wengi wa kijivu wana mstari mweusi unaoteremka toka shingoni hadi mkiani, na mwingine unaoukata mabegani. Mistari hiyo inapokutana, kwa punda aliyefanya kazi miaka mingi, mara nyingi utaona madoa meupe, mengine madogo kama ukucha, mengine mapana kama kiganja. Hayo siyo mvi. Chembe zinazotia nywele rangi zilikufa mahali hapo, nywele zikaota upya bila rangi, na zitabaki hivyo maisha yake yote. Siku fulani, kwa saa kadhaa, damu haikufika hapo.

Mtu wa mwisho ungemtarajia katika habari hii ni Theodore Roosevelt. Tarehe 5 Juni 1909, miezi mitatu tu baada ya kumaliza urais wa Marekani, aliondoka Kijabe na msafara wake wa uwindaji kuelekea Sotik. Sotik aliyoizungumzia ilikuwa pana kuliko mji wa leo wa Kaunti ya Bomet, ikishuka hadi nyanda za Ewaso Ng'iro ya kusini. Walivuka nyika isiyo na maji kwa magari ya kukokotwa na maksai. Safari nzima ilikuwa na wapagazi wapatao 200 na tani nne za chumvi ya kuhifadhia ngozi za wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian. Roosevelt mwenyewe alipanda farasi aliyeitwa Tranquillity.

Vitu vyake binafsi aliviorodhesha kwa furaha ya mtoto. Mifukoni: kisu, dira, kiberiti ndani ya kijaluba kisichopenya maji, na mguu wa sungura uliovishwa dhahabu, zawadi ya bahati njema kutoka kwa bondia John L. Sullivan. Kwa baridi na mvua: koti la jeshi na koti la mvua. Kisha vitabu, ambavyo vilijaladiwa upya kwa ngozi ya nguruwe ili vistahimili damu, jasho, vumbi na mafuta ya bunduki, vikapangwa katika sanduku la alumini na kitambaa cha mafuta. Sanduku hilo lilikuwa na uzito wa ratili 60 hivi, yaani kilo 27, mzigo kamili wa mpagazi mmoja. Kitabu kimoja tu ndicho kilichokaa karibu naye, katika mfuko wa tandiko au katika mkoba wa risasi wa mbeba bunduki wake.

Wapagazi walikuwapo, kwa hiyo farasi hakubebeshwa maktaba. Lakini tuseme wasingekuwapo. Tuseme kuna masanduku mawili ya namna hiyo, moja kila ubavu, kilo 54 kwa jumla, mgongoni mwa mnyama wa kubeba. Farasi wa kawaida hashindwi na kilo 54. Swali ni kilo hizo zinakanyaga wapi.

Mwaka 1930 daktari Mmarekani Eugene Landis alifanya jambo ambalo hata leo linasisimua. Alichukua pipeti ya kioo iliyovutwa ikawa nyembamba kuliko unywele, akaitazama kwa hadubini, akaichomeka ndani ya kishipa kimoja kwenye ngozi ya shina la ukucha wa mtu aliye hai, na kupima msukumo wa damu ndani yake. Vitabu vya shule huviita vishipa hivyo kapilari. Mahali damu inapoingia alipata wastani wa milimita 32 za zebaki. Mahali inapotoka, 12. Ukibadilisha 32 hiyo kuwa uzito, ni karibu gramu 44 kwa kila sentimita moja ya mraba. Basi. Hiyo ndiyo nguvu yote iliyo nayo damu ya kujitanua njia katika vishipa vya mwisho. Kitu chochote kikikandamiza ngozi kuliko hapo na kikatulia, vishipa vilivyo chini yake huanza kujifunga. Landis alipima kidole cha binadamu, lakini tarakimu inatosha kwa safari yetu.

Mkulima wa Kabianga ana njia nyepesi ya kuielewa hali hii, kwa sababu anaishi ndani ya mfano wake. Mshipa mkubwa wa damu ni barabara ya lami ya Kericho kwenda Litein: pana, imara, hata mvua ikinyesha wiki nzima magari yanapita. Vishipa vidogo ni zile barabara za udongo zinazoingia vijijini hadi kituo cha kununulia majani ya chai. Lori la kiwanda huingia na mbolea na kutoka na majani mabichi. Barabara ya udongo ikikatika, lami haina habari. Ukisimama Kericho utasema usafiri uko sawa. Kule kituoni, majani yaliyochumwa asubuhi yamejazana ndani ya magunia, yanapata joto, yanaanza kuwa mekundu. Chembe za mwili nazo zina majani yake ya kutoa kila dakika, kabonidioksidi na asidi, na zina mbolea yake ya kupokea, oksijeni na sukari. Njia ikifungwa kwa robo saa, uchafu hujikusanya na hakuna kinachoharibika kabisa. Ikifungwa kwa saa nne, shamba linaanza kufa. Mfano unaendelea hata pale usipotarajia: siku barabara inapofunguliwa, malori yote yaliyokwama hufika kiwandani kwa mkupuo na majani yaliyooza, yakavuruga hata yale mazima. Damu inaporudi ghafla mahali palipokosa hewa kwa muda mrefu, nayo huzua kemikali zinazochoma kuta za vishipa, na uvimbe huanza baada ya mzigo kushuka. Ndiyo maana wanajeshi wa farasi, walipofika kambini, hawakuondoa tandiko mara moja. Walilegeza ukanda wa tumboni, wakamwacha farasi apoe nalo mgongoni kwanza.

Sasa turudi kwa zile kilo 54. Tandiko zuri la mizigo lina mito miwili, mmoja kila upande wa uti wa mgongo. Chukua kila mto kuwa na urefu wa sentimita 50 na upana wa sentimita 12. Eneo lote ni sentimita 1,200 za mraba, na kila sentimita inabeba gramu 45. Tupo mlangoni kabisa mwa tarakimu ya Landis. Ondoa mito hiyo, fanya kama inavyofanywa kwa haraka asubuhi: gunia tupu mgongoni, juu yake kamba mbili zinazoning'iniza mzigo, kila kamba ikigusa mgongo kwa urefu wa sentimita 30 na upana wa mbili. Eneo limekuwa sentimita 120. Kila moja inabeba gramu 450. Uzito haukuongezeka hata kidogo, ila damu imezidiwa mara kumi. Na hapo mnyama amesimama tu. Akianza kutembea, kila hatua huutupa mzigo juu na kuupokea tena chini.

Uzito wenyewe, kwa kweli, ni gharama ya haki. Mwaka 1980 C. Richard Taylor wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walionyesha kwamba farasi anayekimbia na mzigo wa asilimia 10 ya uzito wake hutumia oksijeni zaidi kwa takriban asilimia 10 hiyohiyo. Unalipa ulichobeba. (Wanawake wa Kiluo na Kikikuyu walipopimwa na Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake, akiwemo huyo Taylor, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1986, walibeba hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kulipa chochote cha ziada, ajabu inayostahili makala nzima.) Kidonda hakifuati hesabu hiyo ya haki. Mnyama mwenye mzigo mwepesi uliofungwa ovyo ataumia, na mwenye mzigo mzito uliotandazwa vizuri atafika salama.

Jambo linaloshangaza zaidi ni mahali kidonda kinapozaliwa. Misuli ina njaa kubwa ya oksijeni kuliko ngozi, na iliyobanwa kati ya mzigo na mfupa ndiyo inayokandamizwa vikali zaidi. Kwa hiyo uharibifu huanza ndani, jirani na mfupa, ngozi ikiwa bado nzima. Mwenye punda hupapasa jioni na kukuta joto kidogo na kauvimbe. Siku mbili au tatu baadaye ngozi inapasuka, naye analaumu nzi au mzigo wa jana. Mwaka 1976 James Reswick na Joan Rogers walichora mchoro ambao madaktari wa wagonjwa wa kulala kitandani wanaujua sana: msukumo mkubwa huhitaji muda mfupi kuharibu mwili, msukumo mdogo huhitaji muda mrefu. Muda ni nusu ya jambo. Mpanda farasi akishuka kila saa na kutembea dakika kumi huku akimwongoza mnyama, kama ilivyokuwa desturi ya majeshi, anafungua barabara zote za udongo kwa wakati mmoja.

Tofauti kati ya mtu na begi iko hapo pia. Mtu aliyeketi kwenye tandiko huinuka, huhamisha uzito, husimama kidogo kwenye vikuku. Begi lililofungwa nyuma yake halihami kamwe. Tena limekaa kiunoni, ambako hakuna mbavu za kulishikilia. Ndiyo sababu vitu binafsi vya msafiri, ambavyo kwenye mizani ni kilo chache, vina madhara yasiyolingana na uzito wake. Blanketi na nguo zikunjwe ndefu zilale kwa upana. Darubini, sufuria, kopo la maziwa, kitabu chenye kona ngumu, vyote vikae upande wa nje wa mfuko, nguo zikiwa kati yake na mnyama. Kisu na kiberiti vibaki mwilini mwa mwenyewe, kama alivyofanya Roosevelt.

Halafu mifuko miwili ya ubavuni ipimwe, isikisiwe kwa mkono. Upande wa kushoto ukizidi, tandiko lote huvutwa kushoto, mto wa kulia hupanda juu ya uti wa mgongo, na eneo la sentimita 1,200 linageuka kuwa ukingo mwembamba juu ya mfupa. Mizani ya kuning'iniza, ileile inayopimia majani kituoni, inamaliza kazi hiyo kwa dakika moja. Tandiko la McClellan, ambalo jeshi la Marekani lililipokea mwaka 1859, liliacha uwazi katikati kutoka mbele hadi nyuma ili uti wa mgongo usiguswe kabisa. Watu wa Lamu nao wana shogi, mfuko wa ukili unaomwangukia punda pande zote mbili. Shogi hukaa vizuri ikiwa chini yake pana tandiko nene lenye mfereji katikati. Bila mfereji, ukili unalalia mfupa.

Kericho ina tatizo lake lenyewe, nalo ni mvua ya alasiri. Kamba ya katani ikilowa, nyuzi zake hunenepa na kamba hufupika. Mzigo uliofungwa vema saa mbili asubuhi, kamba ikiwa kavu, unakuwa umejikaza wenyewe saa tisa, mnyama akiwa katikati ya mteremko na hakuna aliyeugusa. Ngozi nayo iliyolowa hulainika na kuchubuka upesi. Mvua ikianza, ni kusimama na kulegeza fundo, hata kama maziwa yanachelewa.

Farasi wa kuwinda hawapo tena. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na watalii wanaozunguka Maasai Mara kwa farasi leo hutanguliziwa mabegi yao kwa gari. Mgongo unaobeba kweli katika nchi hii ni wa punda, ambaye Wakipsigis humwita sigiriet, na jerikani nne za maji ni kilo 80. Hata kwenye mito mizuri ya sentimita 1,200, hizo ni gramu 67 kwa kila sentimita. Jerikani mbili ni gramu 33.

Asiye na pipeti ya Landis ana kipimo kingine, nacho hakiuzwi. Siku isiyo na mvua, tandiko linapoondolewa baada ya kazi nzito, mgongo wote uliofunikwa unapaswa kuwa na jasho sawasawa. Doa kavu katikati ya manyoya yaliyolowa maana yake tezi za jasho za hapo zilibanwa zikashindwa kufanya kazi. Doa hilo likiwa kushoto na kulia kwa ulinganifu, mto wa tandiko umejazwa vibaya. Likiwa upande mmoja, mizigo haikulingana. Likiwa juu kabisa ya mabega, tandiko limesogea mbele na mfereji wake umezibika. Mto hufumuliwa jioni hiyohiyo, majani makavu yaliyomo ndani yake yakapunguzwa palipobana na kuongezwa kando yake, na punda akapumzishwa kesho yake ikiwa pale pakavu pana joto.