Lubumbashi: Wakati “uko muzuri” inafunika diploma

Kule Kasapa, kipindi cha kutoa diploma kinajulikana hata kwa mtu asiye na mtoto kwenye chuo. Toga nyeusi zinapanda taxi, wapiga picha wanajipanga tangu asubuhi, wamama wanakuja na maua na vitambaa vya kushona sawasawa. Zamani ile picha ilimalizikia kwenye albamu, juu ya meza ya salon. Leo, kabla jua halijazama, iko tayari kwenye Facebook na WhatsApp. Na kwa wale wanaotafuta kazi, iko pia kwenye LinkedIn, mtandao ambao watu wanaonyesha masomo yao na kazi waliyofanya.

Hapo ndipo mambo yanaanza kuharibika, na yanaharibika zaidi kwa wasichana.

Tuchukue mfano wa kawaida. Msichana amemaliza jiolojia kwenye Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU. Anaandika mistari sita: alichosoma, mgodi alikofanya staji, programu za kompyuta anazozijua, na kwamba anatafuta kazi. Anaweka picha yake na kofia ya mgodi kichwani. Chini yake majibu yanaingia: “Uko muzuri sana mama.” “Charmante.” Moyo mwekundu. Moto. “Nimekutumia message, angalia.” Kijana mwanaume wa promosheni ile ile anaandika karibu maneno yale yale, na chini yake unasoma: “Hongera ingénieur.” “Ulifanya staji miezi ngapi?” “Tuma CV.”

Wote wawili wamepongezwa, lakini mmoja amepewa njia ya kwenda kazini na mwengine ameambiwa kwamba sura yake imeonekana. Ile mistari sita, hakuna aliyeisoma.

Wapo watakaosema: tusijifanye Wazungu. Kwetu kumwambia mtu amependeza ni salamu. Ni kweli, na haifai kupita haraka juu ya neno hilo. Lubumbashi ni mji wa watu wanaovaa. Ukiingia ofisini Jumatatu na shati jipya, na hakuna mtu anayesema kitu, utajiuliza kama kuna msiba. Dada wa mapokezi atakuambia “leo umevaa!”, mzee wa ulinzi atarudilia, na wewe utacheka. Hakuna aliyepoteza kitu.

Lakini salamu ya kwenye korido inasemwa na mtu unayemjua, mbele ya uso wako, na inapita na upepo. Ukiona mtu amekunja uso, unabadilisha maneno. Kwenye mtandao wa kazi maneno yanabaki. Anayeandika mara nyingi hajawahi kukutana na yule anayemwandikia. Na anayesoma nyuma yake anaweza kuwa mkubwa wa kazi wa Kolwezi ao Likasi, anayetafuta mtu wa kuweka kwenye timu yake, na ambaye sasa anakutana na msichana huyu kupitia mioyo mekundu kumi na tano.

Tena si sifa za uzuri peke yake. Kwetu mwili wa mtu ni habari ya wote. “Umenona, kazi inalipa!” chini ya picha ya mkutano. “Umekonda sana yaya, unaumwa?” chini ya tangazo la cheo kipya. “Umekuwa mweupe!” na hapo watu wanaanza kubishana juu ya mafuta ya ngozi. Wababa nao wanayapata, hasa juu ya tumbo na upara, na wengi wanacheka. Tofauti ni kwamba baba aliyeambiwa amenona hapati saa tano ya usiku ujumbe wa pili unaouliza anaishi wapi.

Jambo hili lilishapasua watu Uingereza, mbele ya dunia yote. Septemba 2015, Charlotte Proudman, avoka wa miaka 27 wa London, alimuomba Alexander Carter-Silk, avoka mwenye cheo kikubwa wa miaka 57, waunganishwe kwenye LinkedIn. Mzee alikubali, kisha akamwandikia kwamba picha yake inashangaza kwa uzuri, na kwamba ingepata zawadi ya picha bora kuliko zote alizoona kwenye mtandao huo. Yeye mwenyewe alisema ndani ya ujumbe kwamba pengine maneno yake hayafai. Proudman alimjibu kwamba yuko pale kwa ajili ya kazi, si kwa kuangaliwa sura. Kisha akauweka ujumbe wenyewe kwenye Twitter, watu wote wausome.

Carter-Silk aliomba radhi na kusema alikuwa anasifu namna picha ilivyotengenezwa kikazi. Lakini moto mkubwa ulimrudilia Proudman. Magazeti mengine yalimtukana, watu wakamtumia vitisho, wakachimba Facebook yake na kukuta kwamba naye alishawahi kusifu picha za wanaume. Wengine walitabiri kwamba hakuna avoka mkubwa atakayempa kazi tena. Mtu anaweza kuona kwamba alikosea kumwanika mzee mbele ya dunia. Hata hivyo kesi ile ilionyesha hesabu ambayo kila msichana anaipiga kimyakimya: nikinyamaza, itaendelea, nikisema, nitaitwa mwenye kiburi, na mlango utafungwa.

Kwa msichana wa Kasapa hesabu hiyo ni kali zaidi kuliko ya London. Proudman alikuwa tayari na kazi. Huyu wetu anatafuta ya kwanza. Katika Haut-Katanga na Lualaba, kazi nzuri ni nyingi kwenye migodi na kompani zinazoihudumia, na kila mtu anajua kwamba CV peke yake haifiki mbali bila mtu wa kuisukuma. LinkedIn ilileta tumaini fulani: mtoto asiye na mjomba kwenye kompani anaweza kuonekana na mkubwa wa kazi bila kupita kwa mjomba. Ananunua mega kwa pesa ya chakula ili aonekane pale. Sasa kama yule mkubwa anajibu kwa “uko muzuri”, afanye nini? Akijibu “asante papa”, mwengine atafikiri amefungua mlango. Asipojibu, anaogopa amepoteza nafasi.

Na anayeandika hivyo si mkubwa wa mgodi peke yake. Kwenye mtandao ule ule wako wakufunzi na maprofesa waliomfundisha, ao watakaomsimamia akirudi kufanya doktora. Nchi hii inajua vizuri usemi wa points zinazoambukizwa kwa kitanda. Usemi huo unachekesha kwenye ma-home ya wanafunzi, lakini ulizaliwa na mambo ya kweli. Mtu ambaye kalamu yake iliamua kama utafaulu, akisifu umbo lako mbele ya watu, neno lake haliwezi kuwa jepesi hata kama moyo wake ni safi. Kwa maoni yetu, mwalimu ndiye wa kwanza kujizuia.

Sheria inasema nini? Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya ubakaji na makosa ya kijinsia inaadhibu usumbufu wa kijinsia kwa kifungo cha mwaka 1 mpaka miaka 12, pamoja na faini, ao moja kati ya hizo. Lakini tusidanganyane: sheria hiyo inataka mwenendo unaorudiliwa, kwa maneno, vitendo, vitisho ao kutumia mamlaka ya cheo, ili kupata tendo la ngono. “Charmante” moja haimfikishi mtu gerezani, ambalo kwa bahati mbaya ya majina nalo linaitwa Kasapa. Ujumbe wa kumi baada ya kuambiwa “acha”, kutoka kwa mtu anayeshika nafasi ya kazi mkononi, huo ni mwengine.

Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inahesabu usumbufu wa kijinsia unaofanywa na mwajiri ao msaidizi wake kuwa kosa zito kwa mfanyakazi. Tangu tarehe 13 Machi 2023 tuna pia Sheria ya Dijitali, inayoadhibu kumsumbua mtu kwa njia ya mitandao. Na mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Juni 2019 kule Geneva, unasema wazi kwamba usumbufu wa kazini ni pamoja na ule unaopita kwenye mawasiliano ya kazi ya kielektroniki. Kwa maana nyingine, simu yako ya saa tano ya usiku inaweza kuhesabiwa kuwa sehemu ya kazi.

LinkedIn yenyewe, iliyoanza mwaka 2003 na kununuliwa na Microsoft mwaka 2016 kwa dola bilioni 26.2, inakataza kwenye masharti yake maneno ya mapenzi yasiyotakiwa, maombi ya ndoa na maneno machafu. Wengi hawajui kwamba masharti hayo yapo, kwa sababu ni wachache wanaosoma masharti ya mtandao wowote. Kila jibu na kila ujumbe una nafasi ya kushitakiwa kwa mtandao. Mwenye ukurasa anaweza pia kufuta jibu chini ya andiko lake, kuchagua nani aandike, ao kuficha picha yake kwa watu asiowajua.

Kuficha picha hakupendezi, maana ni kumwambia aliyesumbuliwa ajifunike. Wasichana wengine wanajibu kwa namna nyingine: wanarudisha mazungumzo kwenye kazi. “Asante mkubwa. Je, kwenye kompani yenu kuna nafasi ya mtu wa jiolojia?” Aliyekuja na nia njema atajibu juu ya kazi. Yule mwengine mara nyingi ananyamaza, na majibu yanayofuata yanaanza kuzungumza juu ya migodi.

Na yule anayeendelea baada ya kuambiwa aache, usifute ujumbe wake kwa hasira. Piga picha ya skrini inayoonyesha jina, tarehe na saa, uihifadhi mahali pengine kuliko ndani ya simu, umwonyeshe mtu mmoja unayemwamini kabla ya kwenda kwa avoka ao polisi. Kwa usumbufu wa kijinsia, kesi inahitaji malalamiko ya aliyetendewa, na malalamiko bila karatasi yanachoka haraka kwenye korido za sheria.