UFAFANUZI KUHUSU KULINGANISHA KIMO CHA MBELE CHA PIKAPU

Wenye pikapu zinazobeba dagaa na mawese kati ya Kibirizi na Ujiji wanafahamishwa kuwa kuinama mbele kwa gari tupu si lazima kuwe hitilafu. Pikapu nyingi huinuliwa nyuma makusudi kiwandani, ili zikipakiwa zikae sawa. Anayeinua mbele kisha akajaza magunia huliacha gari likitazama juu, na taa zake humpofusha mwendesha baiskeli anayekuja usiku.

Pikapu zenye fito za msokoto badala ya springi za koili hupandishwa kwa kukaza bolti za fito hizo. Kukaza huko huongeza kimo tu, wala hakuongezi uwezo wa kubeba. Vipimo vichukuliwe mahali tambarare, tairi zikiwa na upepo sawa, toka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, kushoto na kulia. Mtu asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki pekee.

Kazi ikiisha, mkao wa magurudumu na mwelekeo wa taa sharti vipimwe upya. Vinginevyo tairi huliwa upande mmoja. Springi iliyokatika hailinganishwi, hubadilishwa.