Sabato na Mkono wa Jirani

Jua la Kisumu, mji uliolala karibu mno na mstari wa ikweta, halina msimu wa kuwahi wala wa kuchelewa. Mwaka mzima huzama kati ya saa kumi na mbili u nusu na saa moja kasoro dakika chache, na kwa sababu hiyo Wasabato wa Kendu Bay, ng'ambo ya ghuba, ambao dini yao ilitia nanga Gendia mwaka 1906 kwa juhudi za Arthur Carscallen na mwenziwe Peter Nyambo wa Nyasa, hawana haja ya kalenda ili kujua magharibi ya Ijumaa, Sabato inapoanza na kazi kukoma. Kabla ya saa hiyo mitungi imekwisha kujazwa maji, pasi ya makaa imepita juu ya nguo za watoto, na ngege wa kesho amekwisha iva chunguni. Ikiwa jambo moja limesahauliwa, je, yafaa kumwita jirani asiyeshika Sabato akalitenda?

Wasabato wengi hujibu kwa amri ya kitabu cha Kutoka, inayomtaja hata mtumishi na mgeni katika wanaopasa kupumzika, kwamba kumtuma mtu ni kufanya kazi kwa mkono wa kuazima. Lakini swali hili ni kongwe kuliko kanisa lao, na mafakihi wa Kiyahudi wamelichambua kwa karne nyingi, kwa makini yanayostahili kujulikana pwani hii ya Ziwa Viktoria.

Mishna, majimui ya sheria yaliyokusanywa yapata mwaka 200, huhesabu namna 39 za kazi zilizoharimishwa siku ya Sabato. Asiye Myahudi hakuamriwa Sabato, naye akiwasha moto hana dhambi. Hata hivyo haijuzu kwa Myahudi kumwambia auwashe. Musa bin Maimun, tabibu na fakihi aliyefariki Misri mwaka 1204, alieleza kwamba katazo hilo liliwekwa ili Sabato isiwe nyepesi machoni pa watu, wakaishia kuzifanya kazi hizo wenyewe. Na akaongeza kuwa ni haramu hata kumwagiza siku ya Ijumaa, na hata kama kazi yenyewe haihitajiwi mpaka Sabato imekwisha kutoka.

Roho ya sheria hii imo katika nia. Mishna yasimulia habari ya Rabani Gamalieli na wazee waliokuwa safarini chomboni: mtu asiye Myahudi aliweka ngazi ili ashuke, nao wakashuka nyuma yake. Naomba msomaji aliyepata kusimama gatini Kisumu, meli ikifungwa kamba na ubao ukitupwa kutoka ubavuni hadi sakafu ya gati, aitazame hukumu hiyo kwa macho yake: ubao ni ule ule, maji ni yale yale, lakini kama mwenye kuuweka aliuweka kwa ajili yake mwenyewe, Myahudi ataukanyaga; na kama aliuweka kwa ajili ya Myahudi, hataukanyaga. Vivyo hivyo taa iliyowashwa, na maji aliyoteka mchungaji kwa ng'ombe wake.

Shule mbili za wanazuoni, ya Shamai na ya Hileli, zilihitilafiana juu ya dobi. Ya kwanza ilikataa kumpa nguo asiye Myahudi isipokuwa zaweza kumalizika mchana wa Ijumaa. Ya pili iliruhusu, madhali zimetolewa jua halijazama, na sheria ikafuata ruhusa hiyo kwa sharti kwamba ujira ni wa kazi, si wa siku, na dobi ni huru kuchagua saa yake. Walihitilafiana pia juu ya nyavu za samaki, kama yajuzu kuzitega Ijumaa zikanasa Sabato, na shule ya Hileli ikaruhusu. Hapa Mwislamu atakumbuka kisa cha watu wa Sabato katika Suratul Aaraf, ambao samaki waliwajia siku waliyokatazwa kuvua. Mpaka wa halali na hila ni mwembamba, na kwa maoni yangu ndiyo maana ulihitaji kupimwa kwa uzi, wala si haki kuyaita masomo haya ujanja.

Katika nchi za baridi mafakihi waliruhusu jirani awashe jiko, kwa kuwa baridi huwafanya watu wote kuwa kama wagonjwa. Na huko New York Colin Powell, aliyekuja kuwa jenerali wa Marekani, alipokuwa kijana aliwahudumia Wayahudi kwa kazi ndogo za namna hiyo. Mgonjwa asiye katika hatari naye huombewa msaada wa asiye Myahudi.

Lakini roho ikiwa hatarini, mambo hugeuka. Hapo hasakwi jirani wala hasubiriwi; Myahudi mwenyewe atawasha moto na kuchemsha maji, na Musa bin Maimun aliandika kwamba watangulizi wa kazi hiyo wawe wanazuoni wakubwa, mbele ya macho ya watu. Nao Wasabato wa Kendu, wanaotofautiana na Wayahudi kwa mengi, huwatibu wagonjwa wao hospitalini siku ya Jumamosi.