Alikufa akisota, leo ng'ombe wake ni mamilioni: Stori ya Lee Jung-seob, mchoraji wa Korea

Kama unajua Korea kwa K-drama na BTS pekee, kuna buda mmoja umekosa. Anaitwa Lee Jung-seob, na Wakorea wakiona fahali amechorwa kwa mistari minene kama mifupa, jina lake ndilo linawajia kwanza.

Alizaliwa 1916, upande ambao sasa ni Korea Kaskazini. Akaenda kusomea sanaa Tokyo, na huko akakatiwa na mapenzi: dame Mjapani, Yamamoto Masako. Kumbuka Japani ndiyo ilikuwa inatawala Korea enzi hizo, so hiyo haikuwa kapo ya kawaida. 1945 Masako akavuka bahari, wakaoana Wonsan.

Vita vya Korea vikaharibu kila kitu. Mwisho wa 1950 Lee alihepa kusini na bibi na watoi wawili, akamwachia mamake karibu kazi zake zote. Mamake hakumwona tena.

Walihamia Seogwipo, kisiwa cha Jeju. Keja ilikuwa kachumba kamoja, na menyu ilikuwa kaa wa baharini. Ndiyo maana utaona watoto uchi wakicheza na kaa kwenye picha zake nyingi. Na ukiniuliza, hizo zinashinda hata wale ng'ombe.

Sasa hapa ndipo jamaa alikuwa mnoma. Bila doo ya karatasi, aliokota ile foili ya ndani ya pakiti ya fegi. Anakwaruza mchoro na kitu chenye ncha, anapaka rangi juu yote, halafu anapangusa. Rangi inabaki kwenye mikwaruzo tu, foili inang'aa nyuma. Michoro 3 ya hizo iko MoMA, New York.

1952 njaa ilizidi, Masako akarudi Japani na watoi. Nchi hizo mbili hazikuwa na uhusiano rasmi hadi 1965, so kufuatana haikuwa rahisi. Lee aliwaona mara moja tu, 1953, kwa siku chache. Baada ya hapo ilikuwa barua, amezijaza michoro ya familia ikiwa pamoja.

Plani yake ilikuwa shoo moja kubwa Seoul, 1955, apate nauli. Watu walikuja, picha zikachukuliwa, lakini wengi wa wanunuzi hawakulipa. Hiyo ndiyo ilimmaliza. Akaanza kuugua akili, akakataa kula, ini nalo likaharibika. Alifariki Septemba 1956 hospitalini Seoul, miaka 40, bila mtu wake kando ya kitanda.

2018, fahali wake mmoja aliuzwa kwa mnada Seoul kwa won bilioni 4.7. Hiyo ni zaidi ya Sh400 milioni kwa reti ya wakati huo.

Masako hakuolewa tena. Aliaga 2022, akiwa na miaka 101.