Zamani za wafalme wa Waluba, ni nani alikuwa anavuta mzigo?

Ukimwambia mtoto wa masomo achore safari ya mfalme wa zamani, mara nyingi ataweka gari la farasi, kama lile aliloona kwa filme. Wengine wanalitengeneza kabisa, kwa miti na nyaya, na magurudumu yanazunguka. Kazi nzuri. Lakini wandugu wasikilizaji, kwa inchi yetu ya Kabongo gari lile halikukuwa.

Tuanze na makaburi ya Sanga, pembeni ya ziwa Kisale. Wachimbuzi waliyafungua mwaka 1957 na 1958, na wengine walirudi miaka ya 1970. Watu waliozikwa pale waliishi karibu kati ya mwaka 800 na 1300. Walikutwa na vyungu vizuri sana, vyuma na shaba. Shaba ile ilitoka mbali, kusini. Ilifika kwa mtumbwi na kwa kichwa cha mtu, kwani hakukuwa gurudumu wala mnyama wa kuvuta. Sababu kubwa ni inzi tsé-tsé: anaua ng'ombe, anaua farasi. Wamisionari wa Kiingereza walijaribu mwaka 1877 kuleta magari ya ng'ombe kutoka Saadani, kwenye bahari ya Tanzania ya leo. Ng'ombe walikufa njiani.

Mwaka 1874 Mwingereza Cameron alifika Kilemba, kwa mfalme Kasongo Kalombo. Alikuja kwa miguu, na wapagazi. Akaondoka pamoja na msafara wa Alvez, mfanyabiashara aliyetoka upande wa Angola, na ndani yake mlikuwa watumwa, wanawake wengi, wamefungwa kamba na kubeba mizigo. Ukichora gari pale, umewafuta watu wale. Kwangu mimi hilo ni kosa kubwa kuliko gurudumu lililochorwa vibaya.

Sasa kule Ulaya, ambako magari yalikuwepo kweli. Kuna kitabu cha Zaburi cha Luttrell, kilichotengenezwa Uingereza kati ya 1325 na 1340 hivi, chenye picha ndogondogo pembeni ya maandishi. Moja inaonyesha gari la mavuno linapanda kilima: farasi watatu kwa mstari, na watu wanasukuma nyuma. Mchoraji yule alijua kazi. Farasi anavuta kwa mabega na kifua, kwa hiyo anavalishwa kola nene iliyojazwa majani, isiyokandamiza koo. Ng'ombe ni mwingine: mti wa nira unakaa juu ya shingo, mbele ya mabega, pale nyama ni ngumu. Ukimvalisha farasi nira ya ng'ombe, hata kwenye kitu cha kuchezea, hawezi kuvuta vizuri.

Lakini picha nayo inaweza kudanganya. Mwaka 1931 Mfaransa Lefebvre des Noëttes, kwa kutazama michoro ya kale, aliandika kwamba mikanda ya Warumi na Wagiriki ilikuwa inawakaba farasi. Miaka ya 1970 Mfaransa mwingine, Spruytte, alitengeneza magari yale upya, akafunga farasi wa kweli. Walivuta bila kukabwa.

Kwa Kongo kuna gari moja la mnyama ambalo mtoto anaweza kulichora bila shaka: la tembo. Wakati wa ukoloni, kule Uele, kwanza Api halafu Gangala-na-Bodio karibu na Garamba, tembo walifundishwa kuvuta mikokoteni na kulima. Tembo wetu wa Afrika, ambao wengi walisema hawafugiki!

Na kama anataka kitu cha hapa hapa, achore kinga. Magunia ya mahindi yamefungwa pande zote, mti mrefu umefungwa kwenye usukani, mwingine nyuma ya kiti, na mwanaume ameinama anasukuma kwenye mchanga. Aangalie vizuri mti ule umefungwa wapi, kwani kwa mlima ndio unaoshika kazi yote.