Pesa za Muhula Zihesabiwe kwa Wiki

Mkopo wa HELB wa kujikimu hutolewa kwa muhula, si kwa mwezi, na wakati mwingine huchelewa. Wazazi wenye watoto wanaojiunga na Chuo Kikuu cha Karatina au cha Dedan Kimathi wanashauriwa kupiga hesabu nao mapema.

Kwa mfano, mwanafunzi mwenye shilingi 27,000 kwa muhula wa wiki 15 atenge kwanza kodi ya chumba: 3,000 kwa miezi minne ni 12,000. Zinazosalia, 15,000, ni shilingi 1,000 kwa wiki: chakula, gesi, nauli na kuchapisha kazi za masomo.

Blanketi, sufuria, viazi na maharagwe vitoke nyumbani. Pesa za wiki tatu za kwanza ziwe tayari kabla ya kuripoti, asije akaanza masomo na deni la simu.