Misaada ya Kigeni na Mwenye Ufunguo



Misaada ya kigeni ni ya namna mbili: ule unaolipa watu, na ule unaojenga kitu. Burundi, jirani yetu wa Ziwa Tanganyika, imeionja yote miwili.

Desemba 2007 Burundi ilipeleka askari Somalia chini ya Umoja wa Afrika. Posho yao, dola 1,028 kwa mwezi, ilitoka Umoja wa Ulaya. Serikali ilikata dola 200. Januari 2016 mfadhili huyo aliipunguza kwa asilimia 20. Machi, kwa sababu ya mgogoro wa kisiasa wa 2015, akasimamisha misaada inayopitia serikalini. Posho zikakwama hadi mapatano ya Januari 2017, huku askari wakiwa vitani.

Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za barabara ya mwambaoni, Rumonge hadi Gitaza, kilomita 45, pamoja na Kabingo–Kasulu–Manyovu, kilomita 260, nchini Tanzania. Burundi ilipewa ruzuku, Tanzania mkopo. Mfadhili wa barabara akiondoka, hawezi kuondoka na lami; mawese na ndagala wa Rumonge wataipita.

Basi tusikiapo kwamba nchi imepata msaada, tuulize: ufunguo anao nani, na akifunga kitabaki nini? Nchi inayoacha posho ya wapiganaji wake mikononi mwa mgeni imempa kauli katika ulinzi wake.